Tanuri la kuni la kupasha nyumba joto (Maine): kila kitu kinaanza na ukavu wa kuni

Mtoto wa Urambo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa meseji zinaanza, watu wetu wamenunua nyumba za zamani huku Lewiston, Auburn na vijiji vya pembeni, jimbo la Maine, Marekani, wakishuka besimenti (chumba cha chini ya nyumba) wanakuta lidude la chuma lina mlango mzito mbele na mabomba ya bati yanapanda juu, aliyewauzia kawaambia ni tanuri la kuni na linafanya kazi, basi. Hakuna aliyewaambia linawashwaje, linataka kuni gani, wala linaweza kuua vipi. Nimeamua niweke kila kitu hapa sehemu moja, mtu akiuliza nimpe linki tu. Ni uzi mrefu mnivumilie.

Kwanza lile siyo jiko. Jiko la kuni la sebuleni linapasha chumba lilipokaa, ukiingia chumba cha pili unatetemeka. Hili linakaa chini na kupasha nyumba nzima. Waliokulia Urambo, Kaliua, Chunya huko mtanielewa haraka, ni bani la tumbaku. Bani la kukaushia tumbaku kuni zinaingizwa tanurini kutokea nje, moshi unapita ndani ya mabomba chini ya bani mpaka kwenye dohani (mnara wa kutolea moshi), tumbaku haiguswi na moshi hata kidogo, inachopata ni joto la bomba. Na hili ni hivyohivyo, ndani kuna kisanduku cha moto, nje kuna koti la bati, hewa ya nyumba inapita katikati, ikishapata joto feni inaisukuma kwenye dakti, yale mabomba ya bati, na inatokea kwenye matundu ya sakafuni vyumba vyote. Kwenye ukuta kuna thamostati, nyumba ikipoa inafungua hewa moto uchangamke, ikishapata joto inabana. Maana yake moshi na hewa unayovuta havikutani kabisa. Vikikutana hapo ni hatari ya kifo na nitaifikia.

Sasa lililonifanya niandike. Watu wanahangaika na tanuri ni chapa gani, la mwaka gani, feni yake ina nguvu kiasi gani. Nawaambia hivi, kama kuni zako ni mbichi hakuna tanuri litakalokusaidia. Mti ukikatwa leo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Chukua mwaloni mwekundu ambao umejaa huku, kordi moja (kipimo cha rundo la kuni cha huku) mbichi ni zaidi ya tani 2, ikikauka inapungua zaidi ya kilo 500 na hizo zote ni maji. Ukiyatia tanurini lazima yachemke yatoke kwanza, ndipo kuni ipate joto la kutoa gesi zake, na sehemu kubwa ya nguvu ya kuni iko kwenye hizo gesi, kaa linalobaki ni sehemu ndogo tu. Gesi zinataka joto la kama nyuzi 600 za Sentigredi ziungue zote. Maji yakiupoza moto hazifiki huko, zinapanda dohani hazijaungua, huko juu zinakutana na ukuta wa baridi zinaganda. Hiyo ndiyo kriosoti, nyeusi, inanata, ikikomaa inakuwa ngumu na kung'aa, na inashika moto. Dohani ikishika moto kwa ndani joto linaweza kupita nyuzi 1,000, inanguruma nyumba nzima inasikia, matofali yanapasuka na moto unapenya kwenye ufa kuingia kwenye mbao za paa. Kila msimu kuna nyumba zinaungua namna hii, na nyingi zilikuwa na tanuri zima kabisa.

Kwahiyo ukavu wa kuni ndio joto lako, ndio hela yako na ndio usalama wako. Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Usikisie kwa macho wala kwa kugonga vipande viwili usikie mlio, nunua kipima unyevu, siyo ghali, kina vimeno viwili. Pasua kipande kwanza, pima ule upande mpya wa ndani, maana nje kila kuni inaonekana kavu. Mti wa mepo (maple) uliopasuliwa na kupangwa vizuri inataka karibu mwaka. Mwaloni mpe miaka miwili. Na mti hauanzi kukauka vizuri mpaka upasuliwe, gogo zima linaweza kukaa nje miaka na ndani bado limelowa.

Namna ya kupanga, ziinue juu ya paleti zisiguse ardhi, panga safu zenye nafasi upepo upite, funika juu tu pembeni acha wazi. Nimeona watu wanafunga rundo zima kwa turubai mpaka chini, huo unyevu sasa utatokea wapi?

Naendelea chini na mambo ya hewa ya sumu na dohani, karibuni maswali.

Mama Furaha

Jambo ndugu yangu na asante kwa hii maandiko. Sisi tulitoka Uvira, sasa tuko na nyumba karibu na Lewiston, na iko na hiyo tanuri unasema. Bwana yangu alinunua kuni mwezi wa kumi, muuzaji akasema ni ya kukauka, lakini tukiweka ndani inalia tsss na maji inatoka kwa mwisho ya kuni, moshi ni mingi, joto haifike juu. Na ingine, alileta lori moja akasema ni kordi mbili, mimi naona ni kidogo sana. Kordi ni nini hasa? Na sasa tufanye nini na baridi imeshaingia?

Mtoto wa Urambo

Mama Furaha pole sana na asante kwa kuuliza, maana hapo umewaulizia wengi.

Kordi ni rundo lililopangwa likabana, futi 4 upana, futi 4 urefu wa kwenda juu, futi 8 kwa mbele, jumla futi za ujazo 128. Ila muuzaji akimwaga tu kutoka kwenye lori bila kupanga, sheria ya Maine inajua hilo, kwa vipande vya inchi 12 au 16 kordi moja iliyomwagwa inatakiwa iwe futi za ujazo 180. Kwahiyo pima bodi ya lori kwa futi, zidisha urefu kwa upana kwa kina, kama haifiki 360 hujaletewa kordi mbili. Mngezipanga kabla hamjachoma hata moja, mkapima kwa futi na kupiga picha, halafu mkampigia mkaongea naye kwa adabu. Wengi wakiona mteja anaijua sheria wanaongeza kilichopungua.

Ile tsss ni maji yanachemka. Hizo kuni ni mbichi, hata kipima unyevu huhitaji. Msizichome mwaka huu, zipangeni vizuri nje, mwakani zitakuwa mali. Kwa sasa tafuteni kuni zilizokaushwa kwa joto kiwandani, ni ghali zaidi ila mnachoma kidogo, au yale matofali ya unga wa mbao ulioshindiliwa, hayo someni kwanza kwenye kitabu cha tanuri kama yanaruhusiwa na ni mangapi kwa mara moja kwasababu yanawaka kwa nguvu sana. Kama nyumba ina tanuri la mafuta pia, tumieni hilo mpaka kuni kavu zipatikane. Na muhimu kuliko yote, kama mmeshachoma mbichi tangu mwezi wa kumi, simamisheni moto, mwiteni fundi wa dohani aje akague na kusafisha kabla hamjawasha tena. Nyumba ikinunuliwa dohani inatakiwa ikaguliwe kwa kamera ndani, siyo kuchungulia na tochi. Je mlipewa ripoti ya hiyo kamera?

Mama Furaha

Hapana. Hakuna mtu alituambia. Ntamwambia bwana yangu leo apige simu.

Chai Kericho

Hii uzi iko sawa kabisa. Mimi niko Minnesota lakini kabla nikuje nilikuwa nafanya kwa boila ya kiwanda cha chai huko Kericho, kazi yetu ilikuwa kuchoma kuni za mkaratusi kutengeneza mvuke ya kukausha chai. Kuni zilikuwa zinapasuliwa zinakaa kwa shedi miezi kadhaa ndio ziingie kwa moto. Wakati mvua imenyesha sana na kuni imeisha, tukilazimika kuchoma ile mbichi, presha ya mvuke inashuka na unaona kuni inaisha mara mbili haraka. Kwahivyo vile unasema ya ukavu naijua kwa mikono yangu, na nashukuru umeianzia.

Sasa swali. Hapa kwangu kuna tanuri ya kuni na ingine ya mafuta, zote ziko besimenti, na zote mbili zimeunganishwa kwa dohani moja, tundu moja. Jirani mzee ananiambia imekuwa hivyo miaka mingi na hakuna shida. Wewe waonaje?

Mtoto wa Urambo

Tenganisha mkuu, na mpaka utenganishe usiwashe la kuni. La kuni linataka njia yake peke yake. Mkiunganisha kwanza mvuto wa hewa unapungua, pili kriosoti ikiziba tundu lile la mafuta halijui, litawaka lenyewe usiku kwa thamostati na moshi wake wote utarudi ndani mmelala. Kukaa miaka mingi bila tatizo hakuthibitishi kitu, dohani huziba siku moja tu.

Halafu ukiwa hukohuko angalia lile bomba jembamba linalotoka kwenye tanuri kwenda ukutani. La bati moja lisilo na ukuta wa pili linatakiwa liwe inchi 18 kutoka kitu chochote kinachoungua, mbao, dari, pazia, maboksi. Lipande kuelekea kwenye dohani, robo inchi kwa kila futi angalau. Na juu ya paa dohani iwe imezidi paa kwa futi 3 pale inapotokea, na izidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kuizunguka, la sivyo upepo unausukuma moshi kurudi chini.

Dar Joto

Wakuu mimi niko Kinondoni nasoma tu kwa mshangao, hivi Marekani mpaka leo watu wanachanja kuni? Kwa nini msiweke umeme mkaachana na hizi hatari?

Mtoto wa Urambo

Swali zuri tu mkuu. Maine ndio jimbo linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba kuliko majimbo mengine yote, kama nusu ya nyumba au zaidi. Bomba la gesi halifiki vijijini. Umeme watu wanaweka, zile pampu za joto, jimbo lilijiwekea lengo la pampu 100,000 likalifikia mwaka 2023 kabla ya muda, na ni kitu kizuri, mimi simkatazi mtu. Ila usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri unataka uwe na kitu cha pili. Na umeme unakatika. Januari 1998 ilinyesha mvua ya barafu siku mfululizo, ikaganda kwenye nyaya na miti, kukawa giza kwa zaidi ya nusu ya watu wa Maine, wengine wiki mbili. Wazee huku wanahesabu miaka kwa hilo tukio. Aliyekuwa na kuni alikuwa na joto.

Ila tuwe wakweli, tanuri la kuni nalo feni yake ni ya umeme. Ukikatika, joto linabaki limekusanyika kwenye koti la bati na kuzidi. Kila tanuri lina maelekezo yake ya umeme ukikatika, kwa kawaida ni moto mdogo sana na joto kupanda lenyewe kwenye dakti bila kusukumwa. Someni hayo maelekezo wakati jua linawaka. Feni inatumia umeme kidogo, jenereta ndogo inatosha, na jenereta inakaa NJE mbali na madirisha, hao waliokufa kwa hewa ya sumu mwaka 1998 wengi ilikuwa ni jenereta besimenti au gereji.

Kuhusu hela, hesabu yangu ni hii. Kordi moja ya mti mgumu mkavu, ukitoa joto linalopotelea dohani, inakupa joto la kama galoni 130 za mafuta. Chukua bei ya galoni ya siku hiyo zidisha kwa 130, linganisha na bei ya kordi iliyofikishwa nyumbani. Kordi ikiwa chini, kuni zinakulipa. Msonobari una joto pungufu sana kwa kordi, kama theluthi moja chini ya mwaloni, kwahiyo usiununue kwa bei ya mwaloni. Ni mzuri kuwashia, na siku za vuli ambazo baridi haijakaza.

Mtoto wa Urambo

Naendelea na nilichoahidi, hewa ya sumu.

Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi. Inatoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha. Sisi tuliotoka nyumbani inatuhusu kuliko wengine, maana kila msimu wa baridi Njombe, Makete, Limuru huko watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha wanalala, asubuhi hawaamki. Na mazoea hayo wengine wanakuja nayo huku, umeme ukikatika wanawasha mkaa ndani. Naomba kwa dhati kabisa, huku nyumba zimezibwa kuliko za kwetu, hakuna upenyo chini ya bati wala juu ya mlango, mkaa ndani ya nyumba ya huku unaua haraka zaidi. Mliopokea ndugu wapya, wale waliofikia Portland kutoka Congo na Angola mwaka 2019 na waliokuja baada yao, waambieni siku ya kwanza, msingoje baridi.

Kwa tanuri, hewa hiyo inaingia ndani kwa njia tatu ninazoziona zaidi. Chuma cha kisanduku cha moto kikipasuka, feni inavuta moshi na kuusambaza vyumbani vyote. Dohani ikiziba. Na ya tatu watu hawaijui, nyumba ikizibwa sana halafu ukawasha feni ya jikoni ya kutoa harufu na mashine ya kukausha nguo kwa pamoja, vinavuta hewa kutoka ndani, hewa ya kujazia inatafuta njia na njia rahisi ni kushuka dohani, inakuja na moshi. Mafundi wengi huweka bomba la kuleta hewa ya nje mpaka karibu na tanuri.

Weka king'ora cha kaboni monoksaidi kila ghorofa, na kimoja karibu na vyumba vya kulala. Kikilia usikizime, toeni watoto nje, mpige 911, namba ya dharura ya huku, mkiwa nje. Kichwa kikiuma nyumba nzima kwa pamoja na ukitoka nje unapata nafuu, usiseme ni mafua.

Majivu nayo. Toa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, peleka nje, weka juu ya udongo au zege mbali na nyumba. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanakaa hai siku kadhaa. Mfuko wa plastiki, boksi, baraza la mbao, hapana.

Na usibane moto usiku ili uwake polepole mpaka asubuhi ukifuka moshi. Najua inavutia, hakuna anayependa kuamka saa tisa kulisha tanuri. Lakini huo ndio moto unaotengeneza kriosoti kwa kasi. Weka kiasi kinachotosha, acha uwake kwa nguvu, kuta za nyumba zikishika joto zinalitunza. Kutoka dohani ya moto mzuri huoni moshi, unaona hewa inacheza tu.

Makete Baridi

Mtoto wa Urambo ubarikiwe kaka, umenigusa hapo kwenye jiko la mkaa, kwetu hilo limemaliza watu. Je haya matanuri tunaweza kuyaweka huku Makete? Kuni za miwati na misonobari tunazo nyingi.

Mtoto wa Urambo

Ndugu yangu, tanuri lenye dakti kwa nyumba nyingi za huko ni gharama isiyo na sababu, baridi yenu ni kali ila haifiki ya huku, na nyumba zenyewe joto linatoroka juu. Ningekuwa na hela ya kutumia Makete ningeanza na dari, niweke dari inayobana vizuri na kuziba kati ya ukuta na bati, halafu jiko la chuma la sebuleni lenye mlango na bomba la moshi linalotoka mpaka juu ya paa, na tundu la kuleta hewa ya nje. Fundi mchomeleaji mzuri analitengeneza. Muwati ni kuni ngumu nzuri sana ukikauka. Cha lazima moshi na hewa ya moto vitoke nje kwa bomba, jiko lisilo na bomba lisilale na watu.

Chai Kericho

Fundi amekuja leo, dohani zimetenganishwa, ya mafuta imepewa bomba yake kwa ukuta wa pembeni. Ya kuni alitoa masizi ndoo mbili. Kuna kitu aliniambia nataka udhibitishe, ati nikibadilisha tanuri siwezi nunua mpya ya aina ile ya zamani.

Mtoto wa Urambo

Hongera sana mkuu, hiyo ni kazi ya maana. Ni kweli. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, mwaka 2015 ilitoa kanuni ambazo kwa mara ya kwanza ziliyabana matanuri ya kusukuma hewa, na Mei 2020 kikaja kiwango kikali zaidi. Jipya linalouzwa lazima liwe limeidhinishwa. Hayo mapya yanaingiza hewa ya pili juu ya moto ili zile gesi ziungue mlemle ndani, kuni zinaisha taratibu na moshi ni mdogo mno. Ila ni mepesi kugoma kwa kuni zenye unyevu kuliko ya zamani, kwahiyo tunarudi kulekule.

Mama Furaha

Ndugu, fundi wa kamera alifika. Alituonyesha picha, ile udongo ya ndani ya dohani imepasuka sehemu tatu, na kriosoti ni mingi. Alisema tusiwashe kabisa mpaka aweke bomba ya chuma ndani. Tuko na mafuta kwa sasa. Bwana yangu anauliza tuagize kuni ya mwaka ujao lini, na shemeji yake aliye New Hampshire anataka kutuletea za bure.

Mtoto wa Urambo

Mungu ni mwema mama, nimefurahi kuliko maelezo. Huo ufa ndio moto ungepitia. Bomba hilo liwe la chuma cha pua, kipenyo kilingane na tundu la tanuri, na mwambieni alizungushie kizuia joto, likibaki la moto mpaka juu kriosoti inapungua sana. Akimaliza awape karatasi, kampuni ya bima ya nyumba itaitaka na ni vizuri wajue mapema kwamba nyumba ina tanuri la kuni.

Za New Hampshire mshukuruni shemeji lakini asizilete. Maine imekataza kuingiza kuni kutoka nje ya jimbo kama hazijapitishwa kwenye joto la kuua wadudu, kuna mdudu wa kijani anayeua miti ya eshi (ash), aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na kufika kaskazini ya Maine 2018, na kuni za kubebwa kwenye magari ndizo zinazomsafirisha mbali. Nunueni za hapohapo.

Agizeni mwezi wa nne, zikiwa mbichi na zimeshapasuliwa, bei huwa nzuri wakati huo. Ombeni mepo, mwaloni wasiwaletee kwa sababu hautawahi. Zile mbichi mlizonazo hesabuni ndizo za kwanza kuchomwa, pimeni mwezi wa tisa vipande kadhaa kutoka katikati ya rundo, siyo vya juu. Mkinitumia namba za kipima unyevu hapa nitawaambia zipi zianze na zipi zisubiri.